Je, Inkishafi Inaniambia Niache Kujenga?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, nauza vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Baba yangu alifariki kabla ya Ramadhani. Siku ya arobaini, ami yangu aliyekulia Mombasa alisoma beti za utenzi wa kale wa Inkishafi kuhusu nyumba za Pate, mji wa kisiwani jirani na Lamu, zilizobaki popo na buibui, kisha akanitazama mimi, kwa sababu anajua ninajenga Kigamboni. Nyumba imefika lenta. Tangu siku ile fundi akipiga simu sipokei. Najiuliza najenga nini, na namjengea nani. Kwenye simu natumiwa kila siku mashairi ya kutia moyo: fuata ndoto zako, usikate tamaa, maisha ni sasa. Inkishafi naona inasema kinyume. Mwenye ukweli ni nani? Na je, ujumbe wa utenzi huu ni kwamba mtu aache kuhangaika na dunia? Saa tisa usiku naamka, silali tena mpaka asubuhi. Naomba unifafanulie."

Marahaba, dada yangu. Pole sana kwa msiba wa mzee, Mwenyezi Mungu amlaze pema.

Umeuliza kama utenzi unakataza kujenga, lakini nyuma ya hilo naliona lile la kumjengea nani. La kwanza ni kazi yangu, nimelifundisha miaka mingi. La pili nitalisogelea kadiri ninavyoweza, na mahali nisipofika nitakwambia umwone nani.

Bila shaka ubeti aliokusomea ami ni huu, ingawa nakala hutofautiana kidogo katika maneno:

Nyumba zao mbake ziwele tame,
Makinda ya popo iyu wengeme,
Husikii hisi wala ukeme,
Zitanda matandu walitandiye.

Hicho ni Kiswahili cha Lamu na visiwa vyake. "Ziwele tame" maana yake zimekuwa mahame. "Iyu" ni juu. "Zitanda" ni vitanda, kwa sababu wenzetu wa kule husema *zi* pale sisi tunaposema *vi*. Basi: nyumba zao zimebaki mahame, makinda ya popo yananing'inia darini, husikii sauti wala ukelele, na vitandani buibui wametanda utando wao. Ukisomewa maneno hayo siku ya arobaini ya babako, kisha mkubwa wako akugeuzie macho, lazima yatakuchoma. Hata mimi yangenichoma, na beti hizi nazijua kwa moyo.

Sasa nikuambie ami yako alichoruka. Aliyeutunga utenzi huu ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa ukoo wa masharifu wa Pate na Lamu, na kwa kawaida wataalamu huuweka mwanzoni mwa karne ya 19. Beti zake hazifiki 80. Baada ya dua na utangulizi mshairi anaanza kuzungumza, na anayezungumza naye ni "moyo wangu". Hasemi nanyi matajiri, wala nawe jirani. Anauliza moyo wake mwenyewe una nini hata hauzinduki, na kama ni mwerevu unavyojidai, vipi haujui kuwa dunia ni ghururi? Anauambia moyo utaadabu. Anaukemea, anaubembeleza, anarudi kuukemea. Msomaji ni kama mtu aliyepita dirishani akasikia mwenzake anajisuta peke yake.

Kumgeuzia mtu mwingine Inkishafi kama kidole ni kuutumia kinyume cha ulivyotungwa. Simlaumu ami; wazee wetu wengi huusoma hivyo, na yawezekana kabisa siku ile alikuwa anaulilia moyo wake mwenyewe, macho yakakuangukia wewe tu. Amefiwa na ndugu yake. Hilo usilisahau.

Jambo la pili ambalo watu hulikosea ni kudhani kwamba utenzi unasema mali ni laana, au kwamba wale watu wa Pate walikuwa waovu kwa kuwa na majumba. Rudi ukasome beti zinazotangulia huo wa popo. Mshairi anazieleza zile nyumba kwa mapenzi makubwa. Taa za kioo na za shaba ziliwaka mpaka usiku ukawa kama mchana. Vyombo vya Kichina vilivyochaguliwa, vikombe vya nakshi, na katikati yake makuzi ya kioo yanang'aa. Vitanda vyenye magodoro mazuri na mito ya kijani huku na huku, imetariziwa. Kulikuwa na wa kuwakanda na wa kuwapepea, na watumbuizaji wasionyamaza mpaka wamelala. Anayechukia vitu vizuri haviandiki hivyo. Huyu alivijua, inaelekea alivipenda, ndiyo maana anaona haja ya kuuonya moyo wake. Kinachokosolewa pale ni mwendo wa wenyewe: wakitembea walitupa mikono na kunyonga shingo, wapambe nyuma na mbele. Kosa analoliona liko shingoni. Ukutani hakulitafuta.

Kisha anafanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ufundi mkubwa kuliko yote katika ushairi wetu wa kale. Anarudi katika nyumba zile zile na kuhesabu vitu vile vile mara ya pili. Zile taa, sasa giza. Vile vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani, sasa wamelala makinda ya ndege. Pale walipoimba watumbuizaji, bundi analia. Vitanda vya magodoro, buibui. Kwa mtu wa duka kama wewe nitasema hivi: amefanya hesabu ya stoo mara mbili, na daftari la pili lina kila mstari wa daftari la kwanza, ila bidhaa zimebadilika.

Na sikio nalo linafanyiwa kazi. Hesabu ubeti niliouandika hapo juu: kila mstari una mizani 11, yaani silabi 11, na pumzi inakatika baada ya 6. Mistari mitatu ya kwanza ina vina vyake, *tame, wengeme, ukeme*, lakini wa nne unaishia *ye*. Ubeti unaofuata mistari mitatu itabadili kina, wa nne utarudi *ye*. Na unaofuata. Na unaofuata. Toka mwanzo hadi mwisho. Baada ya beti kumi sikio lako linajua kila ubeti, uanze na lulu au uanze na kaburi, utafikia mlango ule ule. Hakuna haja ya mtu kukuelezea kifo. Kina cha mwisho kimeshakueleza. Ndiyo maana ulishikwa siku ile kabla hata ya kuyafahamu maneno yote.

Niingize neno la historia, kwa sababu nadhani umeondoka na picha kwamba zile nyumba zilianguka kwa sababu zilijengwa. Pate ilikuwa na enzi yake katika karne za 17 na 18, mji wa biashara ya bahari. Ukaja ugomvi wa ndani na vita na majirani. Yapata mwaka 1812 au 1813 watu wa Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa waliishambulia Lamu, wakapigwa vibaya pale Shela, kisiwani Lamu. Bandari yao ni ya maji machache, vyombo husubiri maji kujaa, na biashara ikahamia kwingine. Watu wakapungua, wakahama. Leo ukienda Pate utakuta tumbaku imelimwa katikati ya kuta za magofu.

Na nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, wewe unayeuza saruji utanielewa haraka, hufa kwa kuanzia juu. Dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Mtu akiacha kuikarabati, mvua inapenya, boriti zinaoza, dari linashuka, na kuta zisizo na kofia zinaanza kumumunyika. Buibui na popo ni dalili kwamba hakuna mtu ndani. Kilichoiua Pate ni kuachwa. Nakuambia hili nikijua nyumba yako imesimama kwenye lenta bila bati, na mvua hazikusubiri umalize huzuni. Hayo ya nondo na kutu unayajua kuliko mimi.

Basi ujumbe wake ni upi? Watu wengi huruka beti za mwanzo kwa kudhani ni dua tu, wakimbilie magofu. Mle mwanzoni mshairi anatamka, kwa maneno yake, "makusudi yangu". Kusudi lenyewe ni lipi? Anasema anataka kutunga koja, mkufu wa shanga, duri zing'ae mbele na lulu ndogo ndogo azipange nyuma. Na mkufu huo anaupa jina la Inkishafi, yaani kufunuka, ili giza la dhambi limwondokee na nuru ya toba imtokee.

Fikiri hapo. Huyu ndiye mtu anayetaka kusema dunia ni vumbi. Muda mfupi baadaye ataifananisha na vumbi lile unaloliona kwenye mwale wa jua unaopita dirishani: ukinyoosha mkono kulikamata, ukifungua kiganja hakuna kitu. Ataifananisha na mazigazi, mwenye kiu ayakimbilie akidhani ni maji. Ataifananisha na kisima ambacho fahali amekilinda, kila anayesogea kunywa anapigwa pembe na maji hayapati. Haya yote anayaamini. Na bado ameketi anatunga shanga moja baada ya nyingine, anahesabu mizani, anatafuta kina, hakubali ubeti uliopinda. Kama ujumbe ungekuwa "acha kila kitu", asingeandika. Angenyamaza akatawa.

Ndiyo maana nasema, na hapa wenzangu wengine katika fani hii wananipinga, kwamba utenzi huu unahusu kusudi zaidi ya unavyohusu kifo. Kiswahili chenyewe kinasaidia. Leo tukisema mtu kafanya "makusudi" mara nyingi tunamlaumu: kavunja kikombe makusudi. Lakini kiini cha neno ni nia, kufanya jambo ukijua unalifanya. Swali ambalo Sayyid Abdalla anaupiga nalo moyo wake ni kama hili: haya unayoyakimbilia, umeyakusudia, au unayakimbilia kwa sababu yanakimbia?

Ukiutazama hivyo, yale mashairi ya kwenye simu hayapingani na Inkishafi kiasi unachodhani. Siyadharau, yamewainua watu wengi vitandani asubuhi. Shida yake ni kwamba yanakuambia ufuate ndoto bila kuuliza ndoto ni ya nani. Ndoto ya jirani aliyejenga ghorofa nayo ni ndoto. Yanakupa mafuta ya gari. Inkishafi haikupi mafuta, inakusimamisha njiani na kukuuliza unakwenda wapi. Mtu anahitaji vyote viwili, ila si kwa saa moja, na si siku ya arobaini.

Nikuambie pia udhaifu wake, nisije nikauza bidhaa kama haina kasoro. Utenzi huu unabomoa vizuri kuliko unavyojenga. Sehemu yake ya mwisho ni kiyama na mioto iliyotajwa kwa majina, na mtu mwenye majonzi mabichi akiishia pale anaweza kubaki na hofu tupu. Haukuelezi uishi vipi kesho asubuhi, watoto wakiwa wanataka chai. Kwa hilo mimi huwaelekeza watu kwa mwanamke wa visiwa hivyo hivyo, Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga wasia kwa binti yake mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Yamo mle mambo ya utiifu kwa mume ambayo wewe na binti zako mtayajadili kwa sauti ya juu, na mna haki. Lakini ona anachokifanya: anajua anakufa, na nguvu iliyobaki anaitumia kumwambia mwanawe namna ya kusema na watu na kuiweka nyumba. Ukizisoma pamoja, Inkishafi inakutoa nje ya nyumba uitazame kwa mbali, Mwana Kupona anakurudisha ndani na ufagio mkononi. Wewe hapo Dar si shida kuzipata: TUKI, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizichapa zote mbili katika kitabu kimoja mwaka 1999, pamoja na utenzi wa Fumo Liyongo.

Turudi kwenye lenta. Naona njia tatu mbele yako. Ya kwanza, uache kabisa, uuze kiwanja, pesa utoe sadaka. Kuna watu wamefanya hivyo kwa moyo mweupe na wakapata utulivu. Lakini uamuzi mkubwa unaofanywa msiba ukiwa bado mbichi mara nyingi humrudia mtu, na wewe una watoto watatu. Usiuze kitu mwaka huu. Ya pili, umpigie fundi kesho uendelee kana kwamba hukusikia kitu. Hii nayo siipendi, kwa sababu umesikia, na swali lililozibwa mdomo hutafuta njia nyingine ya kutoka. Yako linatoka saa tisa usiku.

Ya tatu ndiyo ningeifanya mimi. Funika kuta, mlipe fundi anachodai, umwambie unasimama kwa muda. Kisha chukua karatasi uhesabu nyumba yako mara mbili, kama alivyofanya Sayyid Abdalla. Upande mmoja andika chumba kwa chumba: hiki cha nani, sebule hii ataketi nani, baraza hii ya nini. Upande wa pili andika wewe ukiwa haupo, miaka 40 mbele, mle ndani kuna nani na anafanya nini. Usiandike majibu mazuri, andika ya kweli. Penye chumba utakachokuta umekiweka kwa sababu shoga yako anacho, kiondoe kwenye ramani, utapunguza na gharama. Penye chumba ambacho hata baada ya kuandika upande wa pili bado unakitaka, hicho umekikusudia. Nina mwanafunzi wangu wa zamani aliyefanya zoezi hili kuhusu shamba, sio nyumba, akajikuta amebakisha nusu tu ya mipango yake, na hiyo nusu akaimaliza.

Sijui utabakisha nini. Pengine nyumba yote. Pengine utagundua ulikuwa unaijenga ili baba yako aione, na hilo likiwa ndilo, lia kwanza, kupaua kutasubiri. Kuna ubeti ambao ami hakukusomea, au alikusomea na hukuushika. Mshairi anataja watu wake waliokufa kwa majina, anauliza wamekwenda wapi, aonyeshwe njia. Mmoja wao ni Ali bin Nasir. Tazama tena jina la mtunzi hapo juu: ni Abdalla, bin Ali, bin Nasir. Amelitaja jina la babake mwenyewe katikati ya magofu, kwa sauti ya mtoto anayeuliza baba yuko wapi. Sidhani kama hapo alikuwa anamhubiria mtu.

Sasa hilo la usingizi, na hapa natoka kwenye ushairi kabisa. Kukosa hamu na kuamka usiku baada ya kufiwa ni jambo la kawaida, na kwa watu wengi hupungua taratibu. Lakini kama wiki zinapita na hali ni ile ile au inazidi, kama chakula hakipiti, kama duka limeanza kukushinda, au watoto wanakusemesha huwasikii, usitafute dawa kwenye beti. Nenda hospitali iliyo karibu nawe umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, na umtajie hiyo saa tisa. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kwenda pale sio wazimu. Na ikiwa limewahi kukupitia wazo kwamba ni afadhali usingekuwepo, hata kwa dakika moja, usilale nalo: mwambie leo mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, akusindikize kwa daktari leo hii, isiwe kesho. Kama linalokusumbua ni hukumu ya dini, kwamba kujenga ni israfu au la, muulize sheikh unayemwamini uso kwa uso. Mimi ni mtu wa vina na mizani, sitoi fatwa.

Na ami yako, mtembelee. Nenda na kitabu, au usiende nacho, kwani huenda anaujua wote kwa kichwa. Mwombe akusomee tena, ila safari hii aanzie kwenye koja na lulu, mle mwanzoni, taratibu. Nina ombi langu binafsi pia: beti hizi zimeishi vinywani mwa watu kwa muda mrefu, na kila ukoo una neno lake hapa na pale. Akitamka neno tofauti na yaliyo kitabuni, mwulize alilipokea kwa nani, uliandike kama alivyolitamka, uniletee.